Enzi Isiyoulizwa Hesabu

Yapo maneno yanayosemwa sana siku hizi huku kwetu Igowole, katika maduka ya kandokando ya barabara na ndani ya magari yaendayo Mafinga, nayo husemwa na watu wazima wenye akili zao timamu wala si vijana peke yao: ya kwamba nchi za Waarabu wa Ghuba zimeendelea kwa sababu zinatawaliwa na wafalme, hazina vyama, hazina kampeni, hazina wabunge wa kupigizana kelele, na kwamba mfalme mmoja mwema huwapa raia wake barabara, hospitali na umeme kwa muda ule ule ambao sisi huumaliza katika mabishano. Asemaye hivyo aghalabu ana ndugu au jirani aliyekwenda Muscat au Dubai kutafuta riziki, akarudi na habari za miji iliyonyooka na mabomba yasiyokauka. Habari hizo ni za kweli, wala sina haja ya kuzikanusha. Lakini hukumu inayotolewa juu yake siikubali, na madhali ni hukumu inayogusa namna tunavyoifikiri serikali yetu wenyewe, nimeona ni wajibu wangu kuijibu kwa urefu, tena kwa ushahidi wa enzi ya Kiarabu ambayo sisi Watanzania tunayo katika historia yetu, yaani Usultani wa Unguja na Pemba.

Mtawala yeyote, awe mfalme, au rais, au mtwa wa Uhehe ya kale, humsikiliza kwanza yule ambaye bila yeye hawezi kula wala kulala salama. Ikiwa chakula chake na usalama wake vyatoka kwa raia, basi raia watasikilizwa, wakubwa wapende wasipende, kwa kuwa raia ndio wenye kutoa na ndio wenye kuzuia. Na ikiwa vyatoka mahali pengine, kwa mgeni mwenye manowari au katika kisima cha mafuta, basi mabaraza na katiba zote zitakazoandikwa zitakuwa ni hisani ya mkubwa kwa wadogo wake, na hisani huondolewa siku yoyote aliyeitoa atakapo. Kwa kadiri nionavyo, hicho ndicho kizuizi kikubwa cha maendeleo ya siasa katika falme za Kiarabu. Si dini, si nasaba, wala si ujinga wa raia, ingawa hayo matatu ndiyo yanayotajwa kila siku.

Seyyid Said bin Sultan wa ukoo wa Albusaidi, alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati katika miaka ya 1830 na 1840, hakuwa mfalme wa amri moja kama wengi wanavyodhani. Askari wake walikuwa wachache; forodha yake aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao mashuhuri kati yao walikuwa wa nyumba ya Jairam Shivji; koo kubwa za Kiarabu kama Alharthi zilikuwa zimetangulia kufika kisiwani na hazikuwa tayari kuburuzwa; na wenyeji wa Unguja walikuwa na Mwinyi Mkuu wao, ambaye Said aliona ni hekima kupatana naye badala ya kumwondoa. Sisemi kwamba dola ile ilikuwa ya haki. Mikarafuu ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa katika nchi za kandokando ya Ziwa Nyasa, ambazo si mbali na hapa niandikapo, na hao hawakuulizwa neno na mtu yeyote. Nasema tu kwamba Sultani wa siku zile alikuwa hana budi kuwaridhisha watu fulani waliokaa naye kisiwani, na watu hao, lau kama muda ungaliruhusu, wangaliweza kuongezeka, kama walivyoongezeka katika falme nyingi za dunia, toka mabwana wachache hata wenye mashamba, toka wenye mashamba hata mafundi na wakulima.

Muda haukuruhusu. Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, wanawe wakagawana: Thuwaini akashika Maskati, Majid akashika Unguja. Mwaka wa 1859 Barghash, ndugu yao, akiungwa mkono na Alharthi, alijaribu kumwondoa Majid, na huenda angalifaulu kama mabaharia wa Kiingereza hawakushuka merikebuni kumsaidia Majid. Barghash akapelekwa Bombay, na miaka miwili baadaye, 1861, alikuwa ni Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa Bara Hindi, aliyekata shauri kwamba Unguja na Maskati ziwe dola mbili, na Unguja ilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Tangu siku hiyo swali la nani atakalia kiti lilitoka mikononi mwa watu wa nchi. Mwaka wa 1890 nchi ikatiwa katika himaya ya Uingereza. Mwaka uliofuata hazina ikawekwa chini ya maofisa wa Kiingereza na Sultani akapangiwa posho yake. Na mwezi wa Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipoingia kasri na kujitangaza Sultani bila ya idhini ya balozi wa Kiingereza, manowari zilizokuwa bandarini zilipiga kasri mizinga asubuhi ya tarehe 27, nayo vita ikaisha kabla ya saa moja kutimia, na mamia ya watu wakiwa wameuawa au kujeruhiwa. Vitabu vingi hupenda kutaja ufupi wa vita ile kana kwamba ni mchezo. Mimi huona kwamba ndiyo saa iliyoamua siasa ya Unguja kwa miaka 67 iliyofuata, kwa sababu kila aliyekaa katika kiti kile baada ya hapo alijua bila kuambiwa ni nani aliyemweka na ni nani awezaye kumtoa, na aliyejua hayo hakuwa na haja ya kumwuliza mchuma karafuu wa Mkoani wala mpagazi wa bandarini kama ameridhika.

Hapo mtu ataniuliza: mbona yalikuwako mabaraza? Yalikuwako, naam. Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka wa 1926, na ndani yake, pamoja na maofisa wa serikali waliokuwa wengi, waliteuliwa Waarabu watatu, Wahindi wawili na Mzungu mmoja kuwa wasemaji wa raia. Mwafrika hakuwamo. Wa kwanza aliteuliwa mwaka wa 1946, yaani miaka ishirini baadaye, katika nchi ambayo wingi wa watu wake walikuwa Waafrika na Washirazi. Lakini hata ubaya wa hesabu hiyo si mkubwa kama ubaya wa kanuni yake: kila mjumbe aliingia barazani akiwa mwakilishi wa taifa lake, Mwarabu kwa Waarabu, Mhindi kwa Wahindi, na hakuna hata mmoja aliyeingia kuwa msemaji wa mlipa kodi, au wa mwenye deni, au wa mji fulani, au wa wakulima wa shamba fulani. Watu wakafunzwa kwa muda wa kizazi kizima kwamba siasa ni kuuliza wewe u nani na babu yako alitoka wapi, na hawakufunzwa kabisa kuuliza fedha ya ushuru wa karafuu imekwenda wapi, kwa kuwa swali hilo lilikuwa la ofisini kwa Balozi Mkaazi, si la barazani. Nakusihi msomaji uliweke jambo hili akilini, maana damu iliyomwagika baadaye ilitoka katika chemchemi hii.

Tena ufalme ule ulibahatika, au pengine niseme ulihasirika, kwa kupata mfalme mwema. Seyyid Khalifa bin Harub alitawala tangu 1911 hata 1960, karibu miaka hamsini, na wazee wa Unguja wa kila asili wamemsifu kwa upole wake, staha yake, na kutopenda fitina. Hakuna sababu ya kuwakadhibisha. Raia walimpenda, na katika miaka ile ya mwisho hata waliokuwa wakipingana vikali katika siasa walichunga ulimi walipomtaja. Lakini upendo wa watu kwa mtu mmoja si mahali pa kuwekea dola, kwa kuwa hufa pamoja naye. Na wema wake, bila ya yeye kukusudia, uliwafanya Waingereza na mabwana wa mashamba wadhani kwamba kiti chenyewe kimependwa, ilhali kilichopendwa kilikuwa ni mzee aliyekikalia. Alifariki Oktoba 1960. Mwanawe Abdullah alitawala chini ya miaka mitatu, akafariki Julai 1963, na kiti kikamwangukia mjukuu, Jamshid bin Abdullah, kijana ambaye nchi haikuwa na muda wa kumjua. Wale wanaotuambia kwamba mfalme mwema ni bora kuliko bunge lenye kelele, wapime habari hii: wema wa miaka 49 haukuacha kitu ambacho mrithi angeweza kukishika mkononi.

Kipindi ambacho watu wa visiwani hukiita zama za siasa kilianza, kwa haki, na madai mazuri. Mwaka wa 1951 wakulima wa Kiembe Samaki waliwapinga maofisa waliotaka kuchoma ng'ombe wao sindano, wakafungwa, na wenzao wakaja juu kuwatetea, jambo linalokumbukwa kwa jina la Vita vya Ng'ombe. Na kutoka katika vuguvugu la wakulima hao kikaja chama cha Hizbu. Mwaka wa 1954 gazeti la Al-Falaq lilishitakiwa kwa uchochezi, na Jumuiya ya Waarabu ikajitoa barazani ikidai kwamba watu wote wapige kura katika daftari moja bila ya kugawanywa kwa mataifa. Dai hilo lilikuwa la haki, nalo lilitolewa na Waarabu. Anayesema kwamba Mwarabu hakuwa na haja ya demokrasia na aijibu hoja hiyo. Lakini lilikuja wakati watu walikuwa wamekwisha kuzoea kujihesabu kwa asili zao, na kila chama, kilipokwenda kuomba kura, kilikuta njia nyepesi imekwisha kutengenezwa.

Uchaguzi wa kwanza ulifanywa Julai 1957, kwa viti sita tu, na kwa masharti ya umri, mali na elimu, wanawake wakiwa hawamo. Hizbu haikupata hata kiti kimoja. Mwezi wa Januari 1961 viti vilikuwa 22, na vyama vilipokwisha kuungana na kuvunjika vilisimama kumi na moja kwa kumi na moja, serikali isiundwe. Juni mwaka ule ule uchaguzi ukarudiwa, kikaongezwa kiti kimoja ili pasiwe na sare, chama cha Afro-Shirazi kikapata 10, Hizbu 10, na Zanzibar and Pemba People's Party, waliokwisha kujiunga na Hizbu, 3. Siku ile ile ya kura machafuko yakaanza mjini na mashamba, na watu 68 wakauawa, wengi wao Waarabu maskini wa mashambani ambao hawakuwa na kasri wala wizara. Julai 1963 viti vikawa 31: Afro-Shirazi 13, Hizbu 12, washirika wao 6. Serikali ikawa ya wale wenye 18, chini ya Mohamed Shamte, ingawa Afro-Shirazi walikuwa wamepata zaidi ya nusu ya kura zote, karibu asilimia 54, kwa kuwa kura zao zilirundikana katika majimbo machache. Katika nchi ambayo watu wamezoea kutofautiana kwa mambo ya kodi na mashamba, hesabu kama hiyo husababisha manung'uniko, na wenye manung'uniko husubiri uchaguzi ujao. Katika nchi ambayo chama ni asili ya mtu, aliyeshindwa huona ameshindwa milele, kwa sababu hawezi kubadili babu. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kususiana maduka, kususiana magari, kufukuzana katika mashamba waliyokuwa wakilima kwa ruhusa ya miaka mingi, na, jambo lililowauma wazee kuliko yote, kususiana maziko.

Kwa sheria, Unguja iliyopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ilikuwa ni ufalme wa katiba kama ule wa Uingereza: Sultani alikuwa mkuu wa dola asiyetawala, na mamlaka yalikuwa kwa waziri mkuu na Baraza. Walioandika katiba ile hawakuwa wajinga. Walisahau, au hawakutaka kukumbuka, kwamba kiti kile kwa miaka sabini na zaidi hakikuwahi kusimama kwa miguu yake. Hapakuwa na jeshi. Palikuwa na polisi, na wengi katika polisi wale walikuwa watu wa bara, ambao serikali mpya ilianza kuwaondoa na kuwarudisha makwao. Bei ya karafuu ilikuwa imeshuka, hazina imekauka, matumizi yamekatwa. Chama cha Umma cha Abdulrahman Babu kikapigwa marufuku. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, ghala za silaha za polisi za Ziwani na Mtoni zilivamiwa, na kufika asubuhi enzi ya Albusaidi katika Unguja, iliyokuwa imedumu zaidi ya karne moja, ilikuwa imekwisha. Sultani akaondoka kwa meli yake, akafika Uingereza, na hakuruhusiwa kuhamia Oman mpaka mwaka wa 2020, ambako alifariki Desemba 2024. Uhuru wa ufalme ule ulikuwa wa siku 33. Maelfu waliuawa katika siku na wiki zilizofuata, na mauaji hayo hayana udhuru, hata kwa aliyeona kwamba mapinduzi yenyewe yalikuwa na sababu. Nimesoma maandishi mengi yanayoitaja siku ile kuwa ni ya ushindi tu, na mengine kuwa ni ya msiba tu. Kwangu mimi ni siku ambayo enzi isiyowahi kuomba ridhaa iliihitaji kwa mara ya kwanza, isiione.

Sisi watu wa Mufindi tuna mfano wa karibu wa kulinganisha, nami nastaajabu kwamba hatuutumii. Utwa wa Uhehe nao ulikuwa ufalme, tena wa mkono mzito katika zama za Munyigumba na mwanawe Mkwawa. Nao ulivunjwa na mgeni, Wajerumani walipoiteka ngome ya Kalenga Oktoba 1894, na Mkwawa mwenyewe akajiua Julai 1898 asikamatwe. Waingereza waliurudisha utwa mwaka wa 1926 kwa Sapi, mwana wa Mkwawa, na kuanzia hapo mtwa akawa ni mkono wa boma: alikusanya kodi, akaamua mashauri, na aliyeweza kumwuzulu alikuwa Gavana, si Mhehe wa Igowole wala wa Kilolo. Ugonjwa ulikuwa ule ule wa Unguja. Tofauti ni kwamba Adam Sapi Mkwawa, aliyeshika utwa mwaka wa 1940, na ambaye mwaka wa 1954 alipokea fuvu la babu yake kutoka kwa Gavana Twining mbele ya halaiki pale Kalenga, hakuufanya utwa kuwa ngome ya watu fulani dhidi ya wengine. Alikubali kuingia katika mambo ya nchi nzima, akawa Spika wa Bunge mwaka wa 1962, na sheria ya mwaka wa 1963 ilipofuta utawala wa machifu, Wahehe hawakuwa na la kupigania, kwa sababu mtu wao alikuwa amekwisha kukaa mahali ambapo sheria za nchi hutungwa. Alikalia kiti hicho, ukitoa miaka michache ya kati, hata 1994. Sitaki kulipamba jambo hili kupita kiasi. Bunge aliloliongoza lilikuwa la chama kimoja tangu 1965 mpaka vyama viliporuhusiwa tena mwaka wa 1992, na bunge la chama kimoja nalo haliulizi hesabu kama ipasavyo. Lakini mtu aliyetoka katika enzi akakubali kuwa msimamizi wa mashauriano ya watu ametufundisha jambo ambalo Unguja haikupata nafasi ya kulijaribu.

Sasa nirudi kwa wale wanaodhani kwamba Uarabu wenyewe, au Uislamu wenyewe, haukubaliani na mashauriano. Oman ina jawabu lake. Madhehebu ya Ibadhi, ambayo ndiyo ya watawala wa Oman na ndiyo iliyokuwa ya masultani wa Unguja, hufundisha kwamba imamu huchaguliwa na watu wa elimu na wakuu wa kabila kwa sifa zake, si kwa nasaba, na akipotoka huweza kuondolewa. Si mafundisho ya vitabuni tu. Mwaka wa 1913 makabila ya bara ya Oman yalimchagua Salim bin Rashid al-Kharusi kuwa imamu dhidi ya Sultani wa Maskati aliyekuwa akilindwa na Waingereza, na baada yake Muhammad bin Abdullah al-Khalili alichaguliwa mwaka wa 1920, akaongoza hata alipofariki mwaka wa 1954. Mapatano ya Sib ya Septemba 1920 yaliacha bara kwa imamu na pwani kwa Sultani. Uimamu ule ulikuwa na kasoro zake, na mkulima wa kawaida hakuwa na sauti kubwa ndani yake, lakini mbegu ya kuchagua na kuuzulu ilikuwamo katika udongo wa nchi yenyewe. Iliyoing'oa si dini. Ni vita vya miaka ya 1950, Sultani Said bin Taimur akisaidiwa na majeshi ya Kiingereza, huku kila upande ukiyatupia jicho mafuta yaliyotafutwa katika ardhi ya bara.

Mafuta yakapatikana, yakaanza kuuzwa nje mwaka wa 1967, na Julai 1970 Qaboos akampindua baba yake, Said bin Taimur, aliyeiacha nchi ikiwa na shule za kuhesabika kwa vidole. Yaliyofanywa na Qaboos kwa miaka hamsini si ya kudharauliwa: shule, hospitali, barabara, amani baada ya vita vya Dhofar. Hata mabaraza aliyaunda, la ushauri mwaka wa 1981, Majlis ash-Shura mwaka wa 1991, sheria ya msingi ya dola mwaka wa 1996, na kura kwa kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, mwaka wa 2003. Walipoandamana vijana wa Sohar mwaka wa 2011 wakidai kazi na kupinga ufisadi, aliwafukuza mawaziri kadhaa na kuliongezea Majlis mamlaka ya kutunga sheria. Lakini vyama haviruhusiwi, sheria haiwi sheria mpaka Sultani aidhinishe, mawaziri huteuliwa naye, na wajumbe wanaruhusiwa kuwahoji mawaziri wa huduma tu, si wa ulinzi wala wa mambo ya nchi za nje. Alipofariki Januari 2020 jina la mrithi wake lilikuwa ndani ya bahasha, na raia walilijua ilipofunguliwa. Kuwait walikwenda mbali zaidi, kisha wakarudishwa. Mwaka wa 1938 wafanyabiashara wa lulu na bidhaa, waliokuwa ndio walipa ushuru wa mji ule, walimlazimisha Amiri akubali baraza la kuchaguliwa. Lilidumu nusu mwaka tu. Mwaka ule ule mafuta yaligunduliwa Burgan, na baada ya muda Amiri hakuhitaji tena ushuru wa wafanyabiashara. Bunge walilopata kwa katiba ya 1962 ndilo lenye sauti kubwa kuliko yote ya Ghuba, hata hivyo lilisimamishwa 1976, likasimamishwa 1986, na Mei 2024 Amiri akalivunja na kutangaza kwamba vifungu kadhaa vya katiba vitasimama kwa muda usiozidi miaka minne. Hakuna risasi iliyolia. Hazina haikupungukiwa na kitu.

Katika Oman wapo maelfu wasemao Kiswahili, wengi wao ni waliokimbia visiwani baada ya 1964 au watoto wao, ambao Qaboos aliwakaribisha kwa sababu walikuwa na elimu wakati nchi yake haikuwa nayo. Walifanya kazi katika wizara, shule na kampuni ya mafuta. Nawatambua kuwa ni ndugu zetu, na nayaheshimu maumivu yao. Ukimwambia mzee wa namna hiyo habari ya vyama, hakumbuki sanduku la kura. Hukumbuka Juni 1961, hukumbuka Januari 1964, na huridhika kwamba watoto wake wanakaa katika nchi isiyo na mambo hayo. Hofu hii ni kizuizi cha kweli cha siasa, nayo haimo katika vitabu vya sheria. Ila ningependa kumwambia kwa taadhima kwamba vyama havikuwaua watu wa Unguja peke yake; vilikuta nchi imegawanywa tayari, na enzi ambayo ingaliweza kuwaunganisha watu ilikuwa imefundishwa kumtazama mgeni.

Mkulima wa Igowole anapopakia viazi au mbao zake akatozwa ushuru wa mazao getini, hukasirika, na hasira yake ni mali ya nchi kuliko tunavyodhani, maana ndiyo inayompeleka katika mkutano wa hadhara kumwuliza diwani fedha ile imejenga nini. Asipojibiwa, ana kura. Najua kwamba mara nyingi hajibiwi, na najua kwamba kura yake haiheshimiwi kila mara kama inavyostahili, na hilo ndilo la kupigania. Lakini kuliacha swali lenyewe kwa tamaa ya mfalme mwenye visima, ambavyo sisi hatuna, ni kutoa kitu tulichonacho kwa kitu ambacho hatutakipata.

Na huko kwenyewe mambo yameanza kugeuka. Oman ilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani Aprili 2021, na mwaka wa 2025 Sultan Haitham, mrithi wa Qaboos, alitoa sheria ya kodi ya mapato ya mtu binafsi, ya kwanza katika nchi za Ghuba, itakayoanza mwaka wa 2028, asilimia 5 kwa wenye kupata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka. Watakaoguswa ni wachache, lakini ni watu wenye elimu na wenye uwezo wa kusema, kama walivyokuwa wafanyabiashara wa Kuwait wa 1938. Ingekuwa busara kwa Sultani asingoje wamwombe: kabla ya riali ya kwanza kukatwa katika mshahara wa mtu, Majlis ash-Shura lipewe haki ya kuyapitisha au kuyakataa makadirio yote ya fedha za dola, fungu la ulinzi na fungu la kasri yakiwamo, na waziri yeyote aweze kuitwa kujibu.